Msamaha wa Kodi kwa Mwenye Mtaji: Nani Anabeba Hasara?

Ipo hoja inayovutia, na kwa sababu inavutia hatuna budi kuichambua. Inasema hivi: vijana wetu wana ubunifu lakini hawana mtaji, matajiri wana mtaji lakini wanaogopa hasara, basi dola iwapunguzie matajiri kodi ya mapato, nao watatoa fedha kwa vijana. Kila mmoja atafaidika, na Hazina haitatoa hata senti moja. Uongo umo katika maneno hayo ya mwisho.

Nchi iliyoutumia sana utaratibu huu ni Uingereza. Serikali ya Thatcher iliuanza mwaka 1981 na kuupanua mwaka 1983. Mwaka 1994 ukaja mpango unaoitwa kwa kifupi EIS, na mwaka 2012 mdogo wake, SEIS, uliowekwa kwa ajili ya makampuni machanga kabisa: watu wawili watatu wanaochora bidhaa mpya na kutengeneza sampuli yake ya kwanza. Tangu Aprili 2023 kampuni moja huweza kukusanya hadi pauni 250,000 kwa njia hiyo.

Tufanye hesabu, ndugu msomaji, maana ubwanyenye hujificha vizuri zaidi katika maneno kuliko katika tarakimu. Tajiri ananunua hisa za pauni 100. Papo hapo anapunguziwa pauni 50 katika kodi yake. Akizishika hisa kwa miaka 3 kisha akauza kwa faida, faida ile haitozwi kodi. Kampuni ikifa, zile 50 zilizobaki anaruhusiwa kuzitoa katika mapato yanayotozwa kodi. Kwa mwenye kutozwa asilimia 45, hiyo ni nafuu nyingine ya pauni 22 na nusu. Basi katika hasara ya 100 yeye amepoteza 27 na nusu tu. Zilizobaki, 72 na nusu, zimebebwa na umma. Na biashara ikistawi? Umma hauna hata hisa moja. Utaambiwa kwamba utapata kodi ya kampuni na ajira. Ni kweli, lakini kodi hiyo hulipwa na kila kampuni, hata ile ambayo umma haukuichangia chochote.

Hatusemi kwamba tatizo lenyewe ni la kubuni. Tumchukue fundi wa Mpendae anayetaka kutengeneza kikaushio cha mwani kitakachotumia jua. Kabla hajauza hata kimoja, lazima anunue vyuma na vioo, aunde cha kwanza kiharibike, cha pili kivuje, cha tatu akipeleke pwani kijaribiwe msimu mzima. Benki itamwuliza hati ya nyumba, na huenda nyumba ni ya urithi wa ndugu sita. Huyu anahitaji fedha ya kukosea. Swali ni fedha hiyo ipitie mkono wa nani.

Ikipitishwa kwa mwenye kulipa kodi kubwa, basi huyo ndiye atakayechagua kipi kibuniwe Zanzibar. Ili upunguziwe kodi nyingi ni lazima kwanza uwe na kodi nyingi. Mwalimu wa skuli hukatwa kodi katika mshahara, na kinachobaki hakitoshi kununua hisa za mtu. Kwa hiyo mpango unaoonekana wazi kwa raia wote, kwa hakika unalipa tabaka moja kura ambayo wengine hawana.

Mtaji, zaidi ya hayo, hukimbilia kivuli. Mwaka 1988 Waingereza waliruhusu nafuu hiyo itumike kwa nyumba za kupangisha. Fedha nyingi zikaenda kwenye matofali. Mwaka 2018 ikabidi waweke sharti kwamba mwekezaji awe kweli anahatarisha mtaji wake, kwa kuwa wajanja walikuwa wakiunda makampuni ya kulinda fedha tu. Na hapa pana jambo la kuwafikirisha makada wetu: sheria hiyo ya mabepari wenyewe inawanyima nafuu waendesha hoteli na wajenzi wa nyumba za kuuza.

Sisi je? Zanzibar ilipitisha sheria ya kulinda uwekezaji mwaka 1986, ikaanzisha maeneo huru ya uchumi mwaka 1992, ikafuata sheria ya 2004 na kisha ya 2023. Nafuu zetu hupewa kampuni inayowekeza, na hoteli na majumba vimekuwa miongoni mwa wapokeaji wake wakubwa. Mwaka 2022 ulitangazwa mpango wa Silicon Zanzibar, wa kuvuta makampuni ya teknolojia hadi Fumba. Yaje. Lakini kutoka Fumba hadi karakana ya uwani Mpendae ni mbali kuliko barabara inavyoonyesha.

Mfano bora tunao baharini. Mwani ulianza kulimwa kibiashara Unguja mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Maji ya ufukweni yalipozidi joto na mwani wa bei nzuri kufa, Dkt. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari alishughulikia nyavu za umbo la bomba, ili mwani ulimwe kwenye maji ya kina. Huo ni ubunifu wa bidhaa, na ulitoka katika taasisi ya umma, karibu na wakulima wenyewe.

Wapo watakaotukumbusha viwanda vya dola vya miaka ya 1970 na jinsi vingi vilivyodorora. Ukumbusho huo ni halali, na hatupendekezi dola ishike randa na msumeno. Tunapendekeza kwamba pale umma unapobeba hasara upewe na hisa. Kwamba skuli, hospitali na idara za serikali ziagize sampuli za kwanza za mafundi wetu. Na kwamba hoteli inayopewa msamaha ipewe kwa sharti la kununua samani zilizobuniwa hapa.

Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, kwa hiyo nafuu ya aina ya Uingereza ingeamuliwa Dodoma. Zabuni za serikali ya Zanzibar na masharti ya mikataba yake huamuliwa hapa Unguja.