Chunusi za Mary Grace

Flannery O'Connor alikufa Agosti 1964, akiwa na miaka 39, kwa lupus, ugonjwa uleule uliomuua babake mwaka wa 1941. Wahakiki wakishajua hilo, kila mhusika wake mwenye kasoro mwilini wanamsoma kama mwandishi mwenyewe. Huo ni uvivu. Lakini kuna hadithi moja ambayo ugonjwa huu umenisaidia kuisoma, na haitaji lupus hata mara moja: "Revelation", iliyochapishwa mwaka huohuo.

Katika lupus, kinga ya mwili inaugeukia mwili. Kwa wengi inajitangaza usoni: upele wa umbo la kipepeo, shavu hadi shavu, ukipitia juu ya pua. Jua kidogo tu linaweza kuuchochea. Wengine hutoka vidonda vya mviringo vinavyoacha makovu, na mara chache ngozi hufanya malengelenge na kubambuka kama iliyoungua. Hata jina, ambalo ni Kilatini cha mbwa mwitu, lilitoka hapo. Ati vidonda vilifanana na vya kung'atwa. Yaani kabla hujapewa dawa, ushapewa sitiari.

Sasa ingia chumba cha kungojea daktari, ambamo "Revelation" inaanzia. Bi. Turpin anajivunia ngozi yake: miaka 47, na makunyanzi hana ila ya kucheka. Usiku akikosa usingizi huwapanga watu kwa rangi na mali. Mbele yake ameketi Mary Grace, msichana wa chuo, uso umejaa chunusi, anasoma kitabu. Bi. Turpin anamhurumia. Si unaijua hiyo huruma? Ni ya yule mama kwa matatu anayekutazama, anaguna, kisha anakushauri ujipake mshubiri.

Mary Grace hashukuru. Anamrushia kitabu, kinampata juu ya jicho, halafu anamfananisha na ngiri (mnyama wetu kabisa, sijui alifikaje Marekani). Hapa ndipo O'Connor ananishinda: hampi msichana upole wa kufidia uso wake, wala hamponyi.

"Parker's Back", aliyoiandika akikaribia kufa, haifiki hapo. Mwanamume anachorwa tatoo ya Kristo mgongoni ili ampendeze mkewe; mke anamchapa kwa ufagio hadi ule uso unavimba. Picha kali, ndiyo, lakini ngozi pale imegeuzwa ukuta wa kanisa. Tena Parker aliichagua tatoo yake na akailipia. Mary Grace hakuchagua chochote, na dawa pekee anayopewa kwa daktari ni sindano ya kumtuliza, akiwa ameshikiliwa sakafuni.