Mfupa wa Ishango na Wale Wanaousoma

Katika inchi ya Ufaransa, kwenye kijiji cha Vallon-Pont-d'Arc, mto Ardèche unapita kati ya kuta ndefu za mawe. Karibu na hapo, mwaka 1994, lilivumbuliwa pango lenye picha za simba na vifaru, kazi ya watu wa kale sana. Sisi wa Kivu tuna ukumbusho wetu. Pale Ishango, mto Semliki unapotoka katika ziwa Édouard, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mwaka 1950 mfupa wa sentimeta 10 hivi, wenye umri wa miaka ipatayo 20,000. Umekatwa alama kwa safu tatu.

Safu moja ina mafungu ya alama 11, 13, 17 na 19. Nyingine 11, 21, 19 na 9. Jumla ya kila moja ni 60. Ile ya katikati huanza na 3 na 6, kisha 4 na 8, kisha 10 na 5, na jumla yake ni 48. De Heinzelin alisoma humo mchezo wa hesabu. Alexander Marshack, Mmarekani, alisoma kalenda ya mwezi. Wengine husema kwamba wazee wa Ishango walijua namba zisizogawanyika, kwa kuwa 11, 13, 17 na 19 ndizo zote zilizo kati ya 10 na 20.

Basi, tupime. Kuongeza maradufu kunaonekana kwa macho. Lakini namba zisizogawanyika zadai kwanza elimu ya kugawanya, na mfupa hauishuhudii. Tena 60 ni karibu na siku 59 za miandamo miwili ya mwezi, bali 48 haipatani nayo.

Padri Henri Breuil, bingwa wa mapango ya Ufaransa, atuonye. Mbele ya picha moja ya mwambani huko Brandberg, Namibia, alisema ni mwanamke Mzungu. Wataalamu waliomfuata walitambua mwanamume, tena Mwafrika. Yeye alimnyang'anya Mwafrika kazi yake; sisi tusimvike vazi asilolishona. Kosa ni lile lile: kusema kabla ya kusikiliza.

Mfupa umehifadhiwa Bruxelles. Mtoto wa Ishango huuona katika picha tu. Anayetaka urudi kwao ataje yale tu unayoyashuhudia: mkono wa mtu uliopanga alama zake kwa akili. Heshima hiyo yatosha, wala hakuna atakayeweza kuikana.