Owada Hakulipa

Sina ugomvi na asilimia 42.2. Jumapili ile ya Septemba 22, 2013, kituo cha TBS kilivuna katika eneo la Kanto watazamaji ambao tamthilia nyingine haziwapati hata ndotoni, na Hanzawa Naoki iliwastahili wote, ukiondoa dakika za mwisho. Dakika hizo bado zinaniwasha.

Mnaikumbuka. Ukumbi wa wakurugenzi wa benki, mkurugenzi mwandamizi Owada anaamriwa apige dogeza, kusujudu kwa kuomba radhi. Kagawa Teruyuki, anayemwigiza, anashuka kama mlango wenye bawaba za kutu: goti linagoma, mkono unatetemeka, uso umekunjamana, mpaka paji linagusa sakafu. Safi kabisa. Kisha inakuja hukumu ya rais wa benki. Owada anashushwa cheo tu, anabaki mkurugenzi wa kawaida. Hanzawa, mfanyakazi wa benki aliyeufichua uozo wote, anahamishiwa kampuni tanzu ya hisa. Kamera inamvamia usoni Sakai Masato, anayemwigiza Hanzawa, macho yamemtoka, basi. Imekwisha.

Watetezi husema ndivyo riwaya ya Ikeido Jun inavyoisha. Kuhamishwa kumo kitabuni, sikatai. Lakini kitabuni baba wa Hanzawa hakujinyonga, na Owada siye aliyemtupa. Televisheni ndiyo iliyomtundika yule mzee wa kiwanda cha skurubu, mwanawe akiona, na ikamtwisha Owada dhambi ya kumnyima mkopo. Ukishalikuza deni kiasi hicho, utalilipaje kwa bei ya kitabuni? Mwisho wa Ikeido unamtosha mfanyakazi aliyeonewa na ofisi yake. Haumtoshi mtoto aliyeiona kamba. Majira yote ya joto Japani nzima iliimba "baigaeshi", malipo maradufu. Siku ya kulipwa tukapewa nusu, tena kwa mkono wa kushoto.

Eti mwisho huo ulikuwa chambo cha msimu wa pili. Chambo gani hicho? Kitabu cha tatu kilikuwa madukani tangu 2012, na msimu wenyewe ukaonekana Julai 2020. Miaka saba tumeachwa tukiangalia uso! Nimeshapiga kelele mara ngapi kuhusu kalenda hii ya tamthilia za Japani, ya miezi mitatu mitatu: sehemu kumi, nyota wanatawanyika, na hadithi inakatwa kama kitambaa cha fundi mwenye haraka.

Zamani walijua kufunga hesabu. Beautiful Life ya mwaka 2000, TBS hiyohiyo, Jumapili hiyohiyo, ilipata asilimia 41.3 na haikumficha mtu kitu: Kyoko anakufa, mpenzi wake Shuji anampaka vipodozi kwa mkono wake. Hashida Sugako naye alitembea na Oshin sehemu 297, akatuachia wazee wawili ufukweni, bila deni kwa mtu yeyote.

Na si zamani tu walijua kipimo: mwezi huohuo wa Septemba 2013, kwenye tamthilia ya Amachan, Kudo Kankuro alilipitisha tetemeko la ardhi la 2011 kwa modeli ya mji iliyovunjika juu ya meza. Hakuhitaji zaidi, na mimi sina la kuongeza.

Nirudi kwa Owada. Aliporejea 2020 alikuwa amegeuka mchekeshaji, ana misemo yake ya kupigiwa makofi, na kabla hatujakaa sawa yuko upande mmoja na Hanzawa. Watu wakacheka, hata mimi nilicheka, jicho langu likiwa kwenye ile kamba ya kiwandani.