Watwa, Mbilikimo au Wenyeji? Uhakiki wa Istilahi za Jamii Asilia katika Kiswahili cha Burundi

Mfasiri wa Kinindo, kusini mwa Bujumbura, anapokabidhiwa andiko la Kifaransa lenye neno autochtones, huwa na maneno kadhaa ya Kiswahili ya kuchagua, na karibu yote yana kasoro. Mbilikimo halistahili mjadala mrefu: humtambulisha mtu kwa kimo chake, na ni tusi hata linapoandikwa kwa nia njema. Wazawa nalo limekwisha kuchukuliwa. Nchini Tanzania mjadala wa uzawa ulihusu umiliki wa uchumi, na Mhutu, Mtutsi na Mtwa wote ni wazawa wa Burundi.

Linalohitaji kuchunguzwa zaidi ni wenyeji. Katika Kiswahili, mwenyeji husimama mkabala na mgeni; ndiye mwenye mji, anayepokea na kukaribisha. Watwa wengi hawana ardhi ya kutosha hata shamba dogo, na mabonde walikochimba udongo wa vyungu yamegeuzwa mashamba ya wengine. Kuwaita wenyeji bila maelezo ni kumsifu mwenye nyumba aliyelala nje. Kirundi kimefaulu zaidi: abasangwabutaka, yaani waliokutwa katika ardhi, humkumbusha msikilizaji kwamba yupo pia aliyewakuta.

Hata hivyo, istilahi ya jumla isilimeze jina. Katiba ya 2005 iliwatengea Watwa viti 3 katika Bunge la Taifa na 3 katika Seneti, na utaratibu huo umo katika Katiba ya 2018. Haki hiyo imeandikwa kwa jina lao. Rwanda imechagua maneno yenye maana ya waliosukumwa nyuma na historia. Ni maneno ya huruma, lakini aliyesukumwa nyuma husaidiwa tu, ilhali aliyekutwa katika ardhi anaweza kudai. Australia nako, Waaborijini, walio na lugha zaidi ya 250 kabla ya ukoloni, hujitaja kwa majina kama Noongar, Yolngu na Koori.

Kwa hiyo Watwa libaki jina la watu, na jamii asilia litumike kwa hadhi ya kisheria inayotajwa na Azimio la Umoja wa Mataifa la 2007, ambalo Burundi ilijizuia kulipigia kura. Wabatwa, lenye viambishi viwili vya wingi, lifutwe na wahariri.