Programu Moja, Mandhari Yake: Kutambua Kazi Safi kwenye Linux

Kuipa programu moja ya Linux mandhari tofauti na ya eneokazi zima ni kazi ya dakika chache, na ubora wake hupimwa kwa mipaka: programu iliyokusudiwa ibadilike kila inapofunguliwa, nyingine isiguswe. Katika steshenari ya Cheyo, mjini Tabora, yenye meza karibu na mlango, jua la kiangazi likipiga kwenye kioo maandishi hufifia juu ya mandhari nyeusi. Mchapaji hutaka programu ya kuandikia iwe nyeupe, eneokazi libaki jeusi kwa kazi za usiku.

Ukaguzi huanza ndani ya programu yenyewe. GIMP, Krita na Kate zina mahali pa kuchagulia mandhari au rangi kwenye mipangilio yake. Fundi aliyeipita nafasi hiyo akakimbilia amri amejitafutia kazi bure. Isipokuwepo, programu zilizoundwa kwa maktaba ya GTK 3 hutangulizwa kigeu cha mazingira, kwa mfano env GTK_THEME=Adwaita gedit. Nyingi za maktaba ya Qt huongezewa -style Fusion baada ya jina.

Amri iliyoandikwa kwenye terminali hufaa kwa jaribio tu. Kazi ya kudumu hufanywa kwa kunakili faili la .desktop la programu kutoka /usr/share/applications hadi ~/.local/share/applications, kisha kuiweka amri hiyo kwenye mstari wa Exec wa nakala. Aliyehariri faili la asili ataona kazi yake ikifutwa na sasisho lijalo. Aliyeweka GTK_THEME kwenye ~/.profile amefanya vibaya zaidi, kwani amezipaka programu zote za GTK rangi ileile.

Baada ya hapo huja majaribio, na hapa ndipo kazi ya kulipua hujulikana. Programu ifunguliwe kutoka kwenye menyu, halafu kwa kubofya waraka mara mbili. Mandhari ikitokea kwenye terminali na kupotea kwenye menyu, huenda faili lina mstari DBusActivatable=true, ambao huufanya mstari wa Exec urukwe; kwenye nakala huandikwa false. Madirisha yote yafungwe kabla ya kujaribu, maana programu nyingi za GNOME huendesha mchakato mmoja, na dirisha jipya huchukua sura ya mchakato uliotangulia. Kisha kibofywe kiungo kilicho ndani ya programu. Kigeu hurithiwa na kila kinachoanzishwa nayo, kwa hiyo kivinjari kinaweza kufunguka na mandhari isiyo yake. Kasoro hiyo huwapita hata mafundi wazoefu. Kwa programu inayoendeshwa kwa sudo, ambayo wengi hupenda kuipa wekundu ili mtumiaji ajue yuko na mamlaka ya msimamizi, kigeu kilichotangulia sudo kwa kawaida huondolewa njiani; kiandikwe baada ya neno sudo, ndani ya amri ya env.

Jicho lifuate. Kipimo kinachokubalika kimataifa ni uwiano wa mng'ao wa 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake. Mandhari dhaifu haianguki kwenye ukurasa mkuu. Huanguka kwenye maandishi yaliyoteuliwa, vitufe vilivyozimwa na vidokezo vidogo chini ya kiteuzi. Menyu za Kiswahili nazo zijaribiwe, kwani maneno yake marefu hubana vitufe vyembamba. Kisanduku cha kuchagulia faili kikibaki na sura ya eneokazi, fundi asilaumiwe haraka: mara nyingine huchorwa na mchakato mwingine nje ya programu.

Ziko programu zisizotaka kuguswa. Mwaka 2019 baadhi ya watengenezaji wa programu walitoa barua ya wazi wakiwaomba wasambazaji wa Linux wasizibadilishe programu zao mandhari, na tangu GNOME 42 ya mwaka 2022 programu nyingi za GNOME hutumia maktaba ya libadwaita, yenye mtindo wake wa ndani. GTK_THEME ikilazimishwa juu yake huacha pembe zilizovurugika. Fundi mzuri humwambia mteja hivyo mapema. Programu za Flatpak hupewa kigeu kwa flatpak override --user --env=GTK_THEME= ikifuatiwa na jina la mandhari, kisha kitambulisho cha programu. Mandhari isiyokuja na GTK yenyewe isakinishwe pia kama kiendelezi cha Flatpak, la sivyo programu haitaiona.