The Elephant Man: kusikiliza pumzi

Wandugu, juzi hapa Mahagi tuliangalia The Elephant Man ya David Lynch (1980) kwenye kompyuta ya rafiki. Mmoja wetu akasema: "Ile ni ugonjwa ya mzee jirani yetu!" Mzee ana vinundu mwili mzima, na watu wanasema alilogwa.

Mimi pia niliamini. Kumbe hapana. Joseph Merrick (filamu inamwita John, kosa la daktari wake Frederick Treves) alihesabiwa miaka mingi kuwa na neurofibromatozi, ugonjwa wa kuzaliwa nao, hauambukizi. Mwaka 1986 Tibbles na Cohen wakaandika kwamba dalili zake zinafanana zaidi na sindromu ya Proteus. Vinundu vya mzee, pamoja na madoa ya rangi ya kahawa kwenye ngozi, ndivyo vinaelekea neurofibromatozi.

Lakini filamu iko na kitu kimoja kikubwa: pumzi. Chini ya lile gunia la kichwani, John Hurt anahema kwa shida, na tunamsikia mbele ya kuona uso wake. Ndiyo somo, juu macho yetu yanaishia kwenye ngozi. Sisi wa agronomia tunajua muhogo wenye majani karibu mazima, ukichimba, kiazi kimeoza ndani.

Neurofibromatozi inaweza kuingia kifuani: vinundu kando ya mishipa ya fahamu, mgongo uliopinda unaobana mapafu, na kwa watu wazima wengine makovu chini ya mapafu na mifuko ya hewa juu. Presha ya mishipa ya mapafu inaweza kupanda pia. Hiyo inatafutwa kwa ekografi ya moyo. Radio ya kifua inaweza kukosa mambo ya mwanzo, skana inaona vizuri zaidi. Hakuna dawa ya kufuta makovu. Mtu anaacha tumbaku, anatibiwa maambukizo mapema, na akiishiwa pumzi anapewa oksijeni.

Mwisho wa filamu ndio umenikera. Merrick anajilaza kama watu wote, muziki unajaa, nyota zinatokea, na kufa kunakuwa usingizi mtamu. Ile pumzi tuliyoisikia tangu mwanzo imefunikwa na vinanda! Merrick wa kweli alikufa tarehe 11 Aprili 1890, ana miaka 27 tu.

Mzee jirani anakohoa tangu mvua zianze. Makohozi yalipimwa, tibi hakuna. Wakampa tu dawa ya kikohozi, wakamrudisha nyumbani. Kifua hakuna aliyekipiga hata radio.