Mafuta, Moto na Tundu Jembamba

Mtu aliyekulia pwani ya Tanga, tokea Moa hadi Pangani, hana haja ya kufundishwa kwamba mafuta yenyewe hayawaki, bali kiwakacho ni mvuke wake, na kwamba ufundi wote umo katika kuyageuza mafuta yale kuwa mvuke kwa kadiri, pasipo kuyaunguza na pasipo kuyamwaga. Kwani elimu hiyo ameiona kwa macho yake, usiku wa giza, katika taa za karabai ambazo wavuvi wa dagaa wa Sahare na Kigombe walizining'iniza juu ya maji kabla ya taa za betri kuja kuzipokonya kazi. Nimeona vema kuanzia hapo, ingawa ninalokusudia kulichambua ni jambo jipya na la mbali, nalo ni namna makampuni yauzayo mafuta ya bangi, katika nchi zilizoihalalisha biashara hiyo, yanavyopaswa kuzichagua vepu za kutupa, yaani vile vyombo vidogo vya kuvutia mvuke ambavyo mafuta yake yakiisha hutupwa pamoja na betri yake. Maana kanuni inayovitawala ni ile ile iliyoitawala karabai.

Nchini Tanzania bangi imekatazwa, na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 haikumwachia mfanyabiashara yeyote nafasi ya kuiuza kwa matumizi kama haya. Na jirani zetu wa Uganda, kwa sheria yao ya tumbaku ya mwaka 2015, walipiga marufuku hata sigara za umeme zenye nikotini. Siandiki, basi, kwa minajili ya kumshawishi mtu aingie katika biashara hiyo. Naandika kwa kuwa chombo kibovu hudhuru mapafu ya wanadamu, na jamaa zetu wanaishi Toronto na Denver, ambako bidhaa hizi huuzwa madukani kwa leseni.

Tuitazame karabai kwanza. Taa hii, ya aina iliyotengenezwa Berlin na kampuni ya Ehrich & Graetz ikajulikana ulimwenguni kwa jina la Petromax, ina tangi la shaba ya manjano na pampu ya mkono inayoshindilia hewa juu ya mafuta ya taa, hata mafuta yakasukumwa kupanda katika bomba jembamba lipitalo karibu na moto; humo hupata joto na kugeuka mvuke, na mvuke hutoka kwa nguvu katika tundu dogo mno, ukachanganyika na hewa, ukaenda kuwaka ndani ya kifuko cha kitambaa. Kifuko hicho, ambacho Carl Auer von Welsbach wa Austria alikikamilisha mwaka 1891 kwa kuchanganya sehemu 99 za oksidi ya thoriamu na sehemu 1 ya oksidi ya seriamu, ndicho kitoacho ule mwanga mweupe unaowavuta dagaa, na lita moja ya mafuta huutunza kwa saa nane hivi.

Lakini fundi wa karabai hakiogopi kifuko, wala kioo, wala tangi. Anachokiogopa ni lile bomba na lile tundu. Mafuta yakifunguliwa kabla bomba halijapata joto la kutosha, yaani kabla spiriti iliyotiwa katika kikombe chake haijawaka ikaisha, hutoka majimaji badala ya mvuke, na taa ikashika moto mwekundu wenye moshi. Na joto likizidi, au mafuta yakiwa machafu, masizi magumu hujijenga ndani ya bomba, tundu likaziba, na mwanga ukafifia khasa wakati samaki wamekwisha kukusanyika. Kwa sababu hiyo karabai iliwekewa sindano ndani yake, ambayo kwa kugeuza kishikio huchomoza katika tundu na kulizibua, na mvuvi mwenye hadhari hakusukuma chombo majini bila ya bomba la akiba.

Hapa ndipo zinapotengana taa yetu na vepu ya kutupa. Karabai ina kasoro nyingi, walakini inafunguka, na kasoro yake huondolewa na mkono ule ule unaoitumia, hata katikati ya bahari. Vepu imefungwa kiwandani isifunguke tena, haina sindano wala bomba la akiba, na kwa hiyo kila ambalo mvuvi angelifanya baada ya tundu kuziba, sharti kampuni iwe imelifanya kabla ya kuagiza vyombo hivyo kwa maelfu. Naona wengi wanaoandika juu ya ununuzi huu hutanguliza bei, umbo na rangi. Mimi ningetanguliza mafuta.

Sababu ya kuyatanguliza mafuta imeandikwa katika msiba. Sisi wenyewe tunaijua hila ya kughushi mafuta: mwaka 2011 serikali ya Tanzania ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa karibu na ule wa dizeli, kwa kuwa wachakachuaji walikuwa wakiyatia yale ya bei nafuu ndani ya yale ya bei ghali, na mashine za watu zikaharibika. Huko Marekani, mwaka 2019, kilichoharibika ni mapafu. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha nchi hiyo kilihesabu, hata kufikia tarehe 18 Februari 2020, watu 2,807 waliolazwa hospitali au kufariki kwa maradhi ya mapafu yaliyofungamana na vepu, na 68 kati yao walikuwa wamekufa. Na wataalamu walipoyachunguza maji yaliyotolewa mapafuni mwa wagonjwa 51, waliikuta asetati ya vitamini E katika wagonjwa 48. Kitu hicho hakina madhara makubwa kikipakwa ngozini, lakini hakikuumbiwa kuvutwa, nacho kilitiwa na wachuuzi wa magendo kwa sababu ni kizito na hakina rangi ya kukifichua: mnunuzi alizoea kukipindua chombo na kutazama jinsi kipovu cha hewa kinavyopanda, kikipanda polepole akapata yakini kwamba mafuta ni halisi, na hao wakaitengeneza ithibati hiyo kwa ulaghai.

Watu wengi huisoma habari hii kama habari ya mafuta tu. Mimi naiona pia kuwa ni habari ya chombo, maana kampuni, hata yenye leseni, ikinunua vepu yenye matundu mapana kuliko yanavyostahili mafuta yake, vepu itavuja, na mwenye mali atashawishika kuyaongezea mafuta uzito. Ikinunua yenye matundu membamba, mafuta hayatafika penye moto, na atashawishika kuyazimua. Chombo kisichowafiki mafuta ndicho mlango wa kughushi. Basi uchaguzi uanze kwa kuyapima mafuta, uzito wake yakiwa baridi na yakiwa moto, kisha kitafutwe chombo chenye matundu ya kiasi hicho, wala mafuta yasigeuzwe kamwe ili kukiridhisha chombo.

Mahali penye moto, katika vepu za sasa, aghalabu ni kiini cha kauri. Sigara ya umeme, aliyoianzisha mfamasia wa Kichina Hon Lik mwaka 2003, ilikusudiwa majimaji mepesi ya nikotini, na zile zilizoifuata zilitumia tambi za pamba au za nyuzi za silika, ambazo ziliyanywa majimaji hayo bila taabu. Lakini mafuta ya bangi ni mazito kama asali, hayafiki upesi, na utambi ukikauka huungua, na mvutaji akavuta moshi wa utambi. Kampuni ya Smoore ya Shenzhen ilileta sokoni mwaka 2016, kwa jina la CCELL, kiini cha kauri yenye vinyweleo vidogo vidogo kilichofumbata waya wa kukanza ndani yake, na tangu hapo wengi wameifuata njia hiyo. Kauri haiungui, ila nayo ina masharti yake: baada ya kujazwa mafuta, chombo kisimame wima kwa saa kadhaa ili kiini kilowane, kwani kikianza kazi kikiwa kikavu, ladha ya kuungua iliyoingia humo haitoki tena.

Umeme nao una hesabu yake. Joto halipandi sambamba na volti, bali hupanda kwa mraba wake, hata kiini cha omu 1.4 kikipewa volti 2.4 hutoa wati 4 na ushei, na kikipewa volti 3.6 hutoa wati 9 na ushei, yaani zaidi ya maradufu kwa nyongeza ya nusu tu. Betri ya lithiamu iliyojaa ina volti 4.2. Pasipo saketi ya kuupunguza umeme huo na kuushikilia mahali pamoja, mvuto wa kwanza huunguza na wa mwisho hautoi kitu. Tena mvuke ukipoa njiani hurudi kuwa mafuta mazito, hujikusanya katika njia ya hewa na kuiziba, na yakishuka hufika kwenye kihisi cha pumzi, chombo kikafa au, vibaya zaidi, kikajiwasha chenyewe mfukoni.

Madini ndiyo sehemu iliyojificha kuliko zote. Shaba ya manjano inayochongeka kwa wepesi hutiwa risasi, na kanuni za Ulaya za kuzuia sumu katika vyombo vya umeme zimeruhusu risasi hadi asilimia 4 katika shaba ya namna hiyo, yaani mikrogramu 40,000 katika kila gramu ya madini. Ilhali California, tangu mwisho wa mwaka 2018, hairuhusu zaidi ya mikrogramu 0.5 za risasi katika gramu ya bidhaa ya bangi inayovutwa. Vipimo hivi viwili si vya kitu kimoja, kwa kuwa kimoja ni cha madini na kingine ni cha mafuta, lakini mafuta hukaa yakiigusa shaba hiyo kwa miezi, yakiwa na manukato ya mmea yenye tabia ya kuyeyusha. Na mwenye kiwanda akuoneshaye shahada ya Ulaya amekuonesha shahada ifaayo redio. Colorado ilitambua jambo hili, na tangu mwaka 2022 inataka mvuke wenyewe upimwe, si mafuta peke yake. Anayenunua adai chuma kisichoshika kutu au shaba isiyotiwa risasi kila mahali ambapo mafuta hufika, kisha apeleke maabara vyombo vilivyokwisha kujazwa na kukaa ghalani, kwani chombo kitupu hakitoi ushahidi wowote.

Majaribio mengine hayana gharama kubwa, na yanastahili kufanywa kwa mafuta yale yale yatakayouzwa. Vyombo vipimwe kwa mizani kabla na baada ya kulazwa ubavu, kupinduliwa, kuwekwa penye joto kama la ndani ya gari lililoanikwa juani, na kutiwa katika hewa iliyopunguzwa shinikizo kama ya ndegeni. Betri iwe imepita majaribio ya usafirishaji ya Umoja wa Mataifa. Na mashine ivute hadi mafuta yaishe, ili ijulikane kama betri itaisha kabla yake, kwani ndiyo sababu nyingi za siku hizi, ijapokuwa ni za kutupa, zina tundu la kuchajia. Mkataba useme wazi kwamba kiwanda hakitabadili kauri, risasi ya kulehemu wala mpira wa kuzibia bila ya kutoa habari, maana shehena ya pili aghalabu si ndugu wa ile ya kwanza, na katika kila shehena vyombo kadhaa vihifadhiwe kwa tarehe na namba zake, ili siku mteja akirudisha kilichoziba, pawe na cha kulinganisha nacho.